Elekea Sufi

Marehemu Mzee Matar aliuza magodoro Tandika, na watu walimtania mpaka anaingia kaburini: mtu wa magodoro angekaa wapi tena kama si Tandika? Aliuza ya sponji kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakitoka, lakini moyo wake ulibaki kwenye sufi, ile pamba nyepesi ya msufi. Kwake yeye mto wa sponji ulikuwa matusi kwa kichwa cha binadamu. Mteja akiuliza bei ya mto wa sponji alijibiwa kwa ufupi. Akiuliza wa sufi aliletewa kiti na kahawa.

Ndiyo maana siku moja, alipofungua kabati la mtumba lililotoka Japani na kukuta nyuma ya droo picha ya karatasi nzito, alicheka peke yake dukani. Pichani palikuwa na lango jekundu la nguzo mbili na boriti mbili za kulala juu yake, lango lisilo na mlango wala ukuta. Nyuma yake zilipanda ngazi za mawe, na huko juu kulionekana jengo la mbao lenye paa lililojikunja pembeni. Miti mirefu ilisimama huku na huku. Na juu ya kila kitu, juu ya lango, juu ya paa, juu ya ngazi na matawi, kilikuwa kimelala kitu cheupe, kinene, laini, na kingine bado kinadondoka kutoka mbinguni.

"Sufi," akasema Mzee Matar.

Mtu asimcheke. Theluji alikuwa ameisikia, kama anavyoisikia kila aliyekaa darasani siku ya jiografia, ila theluji haikuwa na kazi yoyote kwake. Sufi ilikuwa na kazi. Misufi ya Temeke enzi hizo ilipopasua matunda yake na upepo ukapita, uani kulikuwa hivyo hivyo, na mkewe, Bi Bahiya, aliyekuwa akiifagia mpaka ndani ya sufuria, alipoletewa ile picha alitikisa kichwa na kuwahurumia wanawake wa kijiji hicho. Kazi yote hiyo, akasema, na ufagio mmoja.

Picha ikatiwa fremu na kutundikwa nyumbani, sebuleni, kwenye ukuta wa kibla. Mzee alikuwa na sababu mbili. Kwanza, haikuwa na kiumbe chenye roho. Hapakuwa na mtu wala ndege, kwa hiyo haikumkera anayesali. Pili, nyumba yao ilikuwa na wageni wasiokwisha, na kila mgeni akishachukua udhu alisimama katikati ya sebule akauliza kibla kiko wapi. Tangu siku hiyo jibu likawa moja: elekea sufi. Wageni wakazoea, watoto wakakua nalo. Jawad, mtoto wa mwisho, alipokwenda madrasa mara ya kwanza na kuambiwa aelekee kibla, alitafuta sufi ukutani mpaka mwalimu akamshika mabega na kumgeuza.

Mzee Matar alipofariki, Bi Bahiya alianza kusahau. Mwanzoni ilikuwa chumvi na majina, mambo ambayo kila mtu husahau na kucheka. Baadaye akawa anatoka kwenda dukani kumpelekea mumewe chakula, na duka lilikwishauzwa, na mume yuko udongoni. Jawad akamchukua kwenda kuishi naye Tegeta, kwenye nyumba mpya aliyoijenga kwa kuuza vigae na masinki. Ilikuwa nyumba nzuri, yenye madirisha makubwa na vigae vya kung'aa kama ilivyo haki ya muuza vigae, lakini Bi Bahiya aliishi humo kama abiria. Chooni alikuita dukani. Jikoni alibisha hodi. Mjukuu wake Salsabil alipewa naye kila siku jina jipya, na mtoto wa watu akaitika yote.

Kitu kimoja tu kilimjua naye akakijua. Siku ya kuhama, kabla hata ya mapazia, Jawad alipima kibla kwa simu, akapata kiko upande wa Bagamoyo, akagonga msumari na kuitundika ile picha. Bi Bahiya alipoingia akaiona, akashusha pumzi, akaomba maji ya udhu.

Na hapo ndipo palipokuwa na ajabu. Mwanamke huyu ambaye hakujua kama amekula au hajala, akisimama kwenye msala wake mbele ya sufi alikuwa mzima. Mikono ilijua pa kwenda, mgongo ulijua pa kuinama, midomo haikukosea herufi. Jawad alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni amtazame. Hakumwambia mtu kwa nini. Sababu yenyewe ni kwamba zile dakika chache, mara tano kwa siku, ndizo alizokuwa bado na mama. Saa nyingine zote alikuwa na mzee wa kutunzwa. Kama sala ile ingevunjika, Jawad angebaki yatima mwenye mama, na alilijua hilo, na alilihofu kuliko kifo.

Basi ikafika Idi. Didas, rafiki yake tangu shule ya Temeke, Mkatoliki wa Bukoba anayejua biriani kuliko Waislamu wengi, alikuja kula kama kila mwaka. Didas ni fundi wa mitambo ya umeme kule Kinyerezi, na mwaka uliopita kazi ilimpeleka Japani kwa mafunzo. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumba ya Tegeta tangu arudi. Alimwamkia Bi Bahiya shikamoo, akapewa marahaba na jina la mtu mwingine, akakaa, akainua macho ukutani, na sahani ikabaki mkononi.

Alifurahi kupita kiasi. Akasema amepita chini ya malango kama hilo kwa miguu yake mwenyewe, na kwamba picha kama ile hazichorwi, bali hukatwa kwenye ubao kisha zikapigwa chapa rangi moja baada ya nyingine. Akamwonyesha Jawad kwenye anga la picha mistari myembamba ya mbao iliyojichapa pamoja na wino. Jawad alisikiliza kwa fahari, akiwaza jinsi marehemu baba angependa kuyasikia. Kisha akauliza, kwa utani tu, jumba lile ni la tajiri gani.

"Si la tajiri, braza," Didas akasema. "Hapo ni pa ibada. Wanapaita hekalu la Kishinto. Ukishapita hilo lango, uko kwa miungu yao."

Aliyasema kwa heshima kabisa, kama mtu anavyosimulia kanisa la ugenini. Akaendelea kula. Jawad hakuendelea.

Jawad si mtu wa ukali wa dini, ieleweke. Alisali, akafunga, akatoa, akatazama mpira. Na alijua vyema, kama unavyojua wewe, kwamba mama yake hakuwa akiisujudia picha, bali alielekea Makka, na ukuta ni ukuta tu. Kichwani alilijua hilo. Tumboni hakulijua. Mchana ule mama alipotandika msala kwa sala ya alasiri na kuweka paji la uso chini, Jawad akiwa mlangoni kwake kama kawaida, kwa mara ya kwanza aliliona lile lango jekundu juu ya mgongo wake, wazi, kama linamkaribisha. Akaondoka kabla hajamaliza. Hakuwa amewahi kuondoka hivyo.

Asubuhi ya pili, mama akiwa anaogeshwa na mkewe Rumaisa, Jawad aliishusha picha, akaifunga kwa khanga kuukuu na kuiweka juu ya kabati la chumbani. Hakumshauri mtu. Haraka haraka haina baraka, wahenga wamesema, na methali hiyo Jawad aliiandikia insha shuleni akapata alama zote.

Adhuhuri Bi Bahiya akatoka na udhu wake, msala mkononi. Akasimama katikati ya sebule. Akatazama ukuta, akageuka, akatazama wa pili, akageuka tena. Hakulalamika. Alizunguka polepole mpaka akarudi alipoanza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Sufi iko wapi?" akauliza.

Jawad alimshika bega, akamwelekeza, akamwambia kibla ni huku, upande wa Bagamoyo. Mama akamuuliza Bagamoyo ana nani. Hata hivyo akaelekea, akafunga sala, na Jawad akapumua. Rakaa ya kwanza ilipita. Aliposimama kwa ya pili akainua macho, hakuona alichokitafuta, akaanza kugeuka huku anasoma, kidogo kidogo, mpaka akarukuu mbele ya televisheni na kusujudu kuelekea mlango wa jikoni. Rumaisa aliyetoka na bakuli la mchele alisimama hapo hapo, akamtazama mumewe, kisha akautazama ukuta mtupu.

Jawad alijitahidi, asinyimwe haki yake. Alinunua picha ya Makka, kubwa, yenye nyuzi za dhahabu, akaitundika kwenye msumari ule ule. Mama akaisifu sana, akauliza ni kalenda ya mwaka gani, akatandika msala kuelekea dirishani. Jawad akabandika mshale wa karatasi sakafuni. Bi Bahiya, mwanamke safi tangu ujana wake, akaukwangua kwa ukucha na kuutupa kwenye ndoo ya taka. Jawad akamwomba Rumaisa asimame na mama bega kwa bega. Hilo lilifaa siku ambayo Rumaisa alikuwa anaruhusiwa kusali na hakuwa amemshika mtoto, na hata siku hiyo mama alimwacha katikati akaenda zake kutafuta.

Kisha akaacha kutafuta. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Adhana ikilia aliomba maji, akatawadha vizuri, akarudi kukaa kwenye kochi na msala umekunjwa mapajani. Ukimuuliza, alisema anamngoja Matar aje amwonyeshe. Wakati wa sala ukapita, ukaingia mwingine, akaenda kutawadha tena, akarudi kungoja.

Jawad akaenda kwa sheikh wa msikiti wa mtaani. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, mzee mtulivu, akamwambia kwamba sala za nyuma za mama yake hazina doa, nia ni nia. Picha akiiondoa ni sawa, moyo wake ukitulia. Na kuhusu mama asijitese, kwa kuwa aliyepotewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake. Hana dhambi, hana deni, hana faradhi. Jawad akarudi nyumbani mwepesi. Njia nzima alikuwa akishukuru.

Alimsimulia Rumaisa jikoni. Rumaisa alikuwa anamenya vitunguu na hakuinua macho. Huyu ni mwanamke wa maneno machache, na machache hayo huyachagua.

"Sheikh kasema Mungu hamdai mama," akasema. "Hakusema mama hamhitaji Mungu. Nenda kamtazame alivyokaa pale, Baba Salsabil, uniambie kama huyo ni mtu aliyesamehewa au mtu aliyefukuzwa."

Jawad akaenda. Mama alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, mtandio umefungwa vizuri, matone ya udhu bado yapo kwenye nyusi, mikono juu ya msala, macho mlangoni. Jawad aliona aibu, ile ya kweli. Alimwondoa mama yake kwenye hekalu ambalo mama hakuwahi kulijua, akamwondoa na kwenye sala. Yote hayo alimfanyia mama asiyeweza hata kumshitaki kwa mtu.

Akaingia chumbani, akaishusha picha, akafungua khanga. Alikuwa ameamua. Lango na liwe lango. Kama kuna hesabu, ataitoa yeye. Akaileta sebuleni akaishika mbele ya mama kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Hii hapa, mama. Sufi yako."

Bi Bahiya aliitazama. Aliitazama kwa muda mrefu na kwa adabu, akaisogelea, akapitisha kidole juu ya kioo, kwenye ngazi, kwenye paa lililojikunja. Jawad alingoja pumzi ile ya siku ya kuhama. Haikuja.

"Panaonekana pana baridi hapo," mama akasema. "Watu wake wamekwenda wapi?"

"Ni sufi, mama. Sufi imeanguka. Baba aliitoa kwenye kabati."

"Sufi haiko hivyo, baba," akamsahihisha kwa upole, kama anavyosahihishwa mtoto. "Hiyo ni theluji."

Maji yakimwagika hayazoleki. Miaka yote ile picha ilikuwa sufi kwa sababu Matar alisema ni sufi, na nyumba nzima ikasema, na kila siku ikasemwa tena. Jawad alikuwa ameukata uzi kwa siku zisizofika hata mwezi, na kwa kichwa kama cha mama yake siku hizo zilitosha. Sasa aliiona picha kama ilivyo, sawasawa kabisa, na haikuwa na faida yoyote kwake. Jawad akaiegemeza ubavuni mwa kochi. Alikaa chini sakafuni, kwenye vigae vyake vya kung'aa, akalia bila kujificha, na mama yake akampapasa kichwa na kumwambia yataisha, chochote kile, yataisha.

Adhana ya magharibi ikamkuta hapo. Kwa kawaida wakati ule alikuwa anavaa kofia na kutoka kwenda msikitini. Mama akanyanyuka kwenda kutawadha. Jawad naye akaenda kutawadha. Aliporudi alimkuta keshakaa, msala mapajani, anangoja. Akauchukua ule msala taratibu, akautandika. Akatandika wake mbele ya ule, akasimama juu yake, akampa mama mgongo.

"Simama nyuma yangu, mama," akasema. "Nitakapoelekea mimi, elekea."

Kisha akasikia nguo zikisogea na viungo vya goti vikilia, na mama akasimama. Jawad akatoa takbira. Akasoma Alhamdu kwa sauti, na alipofika mwisho ikatoka nyuma yake "Amin" ndefu, ya kuvuta, kama zilivyokuwa Amin za Tandika. Nusura ashindwe kuendelea. Alisoma sura fupi, akarukuu, akasujudu, na kila aliposhuka alisikia mtu akishuka, kwa kuchelewa kidogo lakini hakukosa. Hakuthubutu kugeuka. Hakuhitaji. Mama hakuwa akitafuta ukuta.

Rakaa ya pili machozi yalimzidi, na mwenye kulia hesabu humpotea. Baada ya sijida, badala ya kukaa kwa tahiyatu, akaanza kuinuka. Hakuwa amenyooka bado alipolisikia nyuma yake: kofi, moja, kavu, nyuma ya mkono juu ya kiganja. Ndivyo mwanamke anavyomzindua imamu aliyekosea, kwa kuwa katika sala hainui sauti. Jawad alikuwa amelisoma hilo vitabuni, hajawahi kupigiwa. Akarudi chini akakaa. Mwanamke asiyejua mlango wa chooni alikuwa anahesabu rakaa zake.

Mlangoni alikuwa amesimama Rumaisa, Salsabil kiunoni, na hakupita.

Walimaliza. Jawad akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, akageuka haraka kuliko inavyopasa, maana alitaka aonwe. Alikuwa mtu mzima wa kuuza masinki, mwenye mke na mtoto, na alitaka aonwe na mama yake kama mtoto aliyehitimu Kurani. Bi Bahiya alikuwa anaminya vifundo vya vidole, akinong'ona nyiradi zake. Hakumwangalia mpaka alipofika mwisho. Kisha akainua uso, na uso ulikuwa mzuri, umetulia, umerudi mahali pake. Akamtazama kwa heshima wanayopewa wageni wema.

"Allah akutakabalie, baba," akasema. "Umetusalisha vizuri. Wewe ni mtoto wa nani?"

Jawad akamjibu:

"Wa Bi Bahiya."

Mama alilifikiria hilo jina. Alilifikiria kwa nia njema, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba usio wake, kisha akatikisa kichwa.

"Simkumbuki," akasema. "Lakini amelea. Ukifika nyumbani, nisalimie mama yako."

"Zimefika, mama," akasema Jawad.